Waya kati ya miti miwili: foni katika historia ya Irumu

Kabla ya minara ya simu kusimama juu ya vilima vya Irumu, mtu aliyetaka kujua kama ndugu yake amefika salama alikuwa na njia tatu: kutuma barua kwa mkono wa msafiri, kungoja msafiri mwenyewe arudi, au kwenda penye foni. Foni haikuwa vigumu kuitambua. Ilikuwa waya mwembamba ulionyooshwa kati ya miti miwili, au kati ya mti na mlingoti wa mianzi, na waya mwingine ulioteremka kutoka katikati yake na kuingia dirishani. Ndani kulikuwa na meza, sanduku la redio, batri ya gari sakafuni, daftari, na mtu mmoja ambaye hakupenda kusumbuliwa saa ya kuonana inapofika.

Jina lenyewe limetoka katika Kifaransa, na watu wakalifupisha bila kuomba ruhusa. Kwa fundi, foni ni redio ya mawimbi mafupi inayotuma na kupokea sauti. Kwa mama aliyekaa kwenye benchi akingoja zamu, ilikuwa sauti ya mtoto wake kutoka Bunia, Beni au Isiro, yenye mikwaruzo kama mafuta yanayokaanga, na yenye kusikilizwa na kila aliyekuwa karibu. Ukifiwa, majirani walijua kabla hujafika nyumbani.

Kuna nchi ambako watu wenye umeme, simu na barabara nzuri hutoka mara moja kwa mwaka, kwa makusudi, kwenda kufunga waya kama huo porini na kuongea kwa batri usiku kucha. Wanaita hiyo mazoezi. Habari zao zitafika mbele. Kwanza ni vizuri kueleza kwa nini hapa kwetu jambo hilo halikuwa mazoezi.

Kutoka Gety hadi Bunia ni kama kilomita 60. Si mbali, lakini katikati kuna vilima, na vilima ndivyo vilivyoifanya foni kuwa na kazi hapa. Redio ndogo za mkononi, zile ambazo watu wote huziita Motorola hata zikiwa za kampuni nyingine, zinaongea kwa mstari ulionyooka: kilima kikisimama katikati, mazungumzo yamekwisha. Mawimbi mafupi yanapita njia nyingine. Yanapanda hadi kwenye tabaka la hewa lililotiwa umeme na jua, kilomita 250 na zaidi kutoka ardhini, kisha yanarudi chini kama mpira uliogonga dari. Waya ukifungwa chini, mita nne au tano tu juu ya ardhi, sehemu kubwa ya mawimbi huenda juu wima na kuanguka ndani ya eneo la kilomita mia tatu hivi kuzunguka. Hapo vilima, msitu na bonde la Semliki havina la kusema. Wengi hufikiri antena lazima iwe juu kabisa ndipo isikike. Kwa kuongea na jirani wa kilomita 60, miti miwili ya kawaida inatosha.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Gawanya 143 kwa idadi ya megahezi, unapata urefu wa waya kwa mita. Kwa megahezi 7.1 ni mita 20, yaani mita 10 kila upande. Kwa megahezi 5 ni karibu mita 28 na nusu. Mchana, masafa ya megahezi 5 hadi 8 hufanya kazi vizuri kwa umbali wa namna hii. Jua likizama na tabaka lile likipungua nguvu, inabidi kushuka hadi 3 au 4, na waya uwe mrefu zaidi. Ndiyo sababu watu wa foni walikuwa na saa zao za kupatana, na aliyechelewa alingoja kesho. Batri nayo ilikuwa na sheria yake: redio ya wati 100 ikisikiliza hula umeme kidogo, lakini ukibonyeza na kuongea inavuta hadi ampea 20. Mtu wa foni aliyekatiza watu maneno hakuwa na roho mbaya. Alikuwa analinda batri.

Wabelgiji walileta redio Kongo mapema. Kabla ya vita vya 1914 walikwisha kusimamisha vituo vya telegrafu bila waya kuanzia pande za bahari hadi Katanga. Vilikuwa vya serikali, kwa mambo ya serikali. Tarehe 23 mwezi wa 8 mwaka 1940 ikatoka amri juu ya mawasiliano, na amri hiyo, iliyoandikwa wakati Ubelgiji yenyewe ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, ikabaki kuwa sheria ya nchi yetu hadi 2002. Kwa hiyo foni za misioni, za wafanyabiashara na za mashirika zote zilizaliwa na kuzeeka chini ya karatasi ya mkoloni.

Katika Irumu, mahali ambapo redio ilikuwa sehemu ya kazi ya kila siku ni Nyankunde. Baada ya uasi wa Simba, katikati ya miaka ya 1960, misioni kadhaa za Kiprotestanti ziliunganisha nguvu na kujenga pale Centre Médical Évangélique, pamoja na daktari Carl Becker aliyekuwa Oicha. Ndege ndogo za MAF zilibeba wagonjwa, dawa na madaktari kwenda vituo vya mbali, na ndege ndogo haiendi bila redio. Rubani anataja yuko wapi, wa chini anaandika, na rubani akinyamaza kupita muda uliowekwa wanaanza kumtafuta. Ni kazi ya uvumilivu tu: kusikiliza na kuandika. Lakini redio ilikuwa na hatari yake tangu zamani. Mwaka 1964 Simba waliziona redio za misioni kama masikio ya adui, na aliyekutwa nayo alikuwa na maswali magumu ya kujibu. Jambo hilo halikufa na Simba.

Posta ya Zaire ilipodhoofika, wafanyabiashara nao walinunua foni zao, na bei ya mali ikaanza kusafiri mbele ya lori. Bunia ilikuwa pia na redio ya kusikiliza, Candip, iliyotoka katika ISP miaka ya 1970, na wengi wa umri fulani walijifunza mengi kwayo. Tofauti ni kwamba Candip iliongea na watu. Foni iliwaacha watu wajibu.

Kisha vita.

Mapigano yaliyoanza Djugu katikati ya mwaka 1999 yalishuka hadi Irumu na kukata barabara moja baada ya nyingine. Tarehe 26 mwezi wa 4 mwaka 2001 wafanyakazi sita wa Msalaba Mwekundu wa kimataifa waliuawa njiani kaskazini mwa Bunia, na shirika likasimamisha kazi yake Ituri. Kwa familia zilizotawanyika, hiyo ilikuwa na maana moja nyepesi kuielewa: wale waliokuwa wakibeba barua za kutafuta ndugu hawakuwapo tena. Tarehe 5 mwezi wa 9 mwaka 2002 Nyankunde ilishambuliwa. Hospitali iliharibiwa, watu wengi sana waliuawa, wakiwemo wagonjwa, na wengi waliosalimika walikimbia kwa miguu kuelekea Oicha. Kituo kilichokuwa kikijua kila siku ndege yake iko wapi hakikuweza tena kujua watu wake wako wapi.

Hapa historia ya foni inakuwa chungu, na haifai kuirukia. Foni haikuokoa tu. Makundi yenye silaha nayo yalikuwa nazo, pamoja na Motorola na simu za Thuraya. Katika kesi za Ituri kule La Haye neno foni lilirudi mara nyingi, kwa sababu majaji walitaka kujua amri zilipita njia gani. Katika kesi ya Bosco Ntaganda, iliyotolewa hukumu tarehe 8 mwezi wa 7 mwaka 2019, madaftari yenye ujumbe wa redio wa kikundi chake yaliletwa kama ushahidi. Kesi ya Dominic Ongwen wa LRA ilionyesha upande mwingine: kwa miaka mingi watu wa usalama wa Uganda walikaa mbele ya redio, wakasikiliza makamanda wa LRA wakiongea, wakaandika. Makamanda walitumia maneno ya mafumbo na hayakuwasaidia sana. Ongwen alipatikana na hatia tarehe 4 mwezi wa 2 mwaka 2021.

Foni haina siri. Mwenye redio ya aina ileile na masafa yaleyale anasikia. Wenyeji walilijua hilo bila kufika La Haye, ndiyo maana kwenye foni hukutaja barabara utakayopita wala siku ya kusafiri, na pesa ilipewa jina lingine. Ndiyo maana pia mwenye foni aliweza kushukiwa na pande zote mbili katika juma moja.

Watu wa Walendu Bindi walipokimbilia Gety mwaka 2006, wakati majeshi ya serikali yalipokuwa yakipigana na wanamgambo katika vijiji vya kusini, makumi ya maelfu walifika katika muda mfupi. Mwaka 2013 mapigano kati ya FARDC na FRPI yaliwatoa tena makumi ya maelfu majumbani. Kwa nje, matatizo ya wahami yanahesabiwa kwa magunia, hema na mabomba ya maji, na ni haki yahesabiwe. Lakini aliyelala kambini anajua swali la kwanza la asubuhi. Yuko wapi? Watu hutengana katika saa ya kwanza ya kukimbia: mmoja alikuwa shambani, mmoja sokoni, watoto shuleni, na kila mmoja anafuata njia iliyo mbele yake. Msalaba Mwekundu hutumia karatasi ndogo iliyo wazi, ya habari za familia tu, inayosomwa kabla ya kupelekwa ili isibebe mambo ya vita. Ni njia nzuri. Inachukua majuma.

Radio Okapi, iliyozaliwa tarehe 25 mwezi wa 2 mwaka 2002, ilileta habari za nchi nzima kwa lugha ambazo watu wanazisikia, Kiswahili kikiwa kimoja. Simu nazo zikafika, zikaonekana kumaliza shida. Waya zikashuka mitini. Vijana waliozaliwa baada ya hapo hawajawahi kuona foni ikifungwa, na wazee waliojua kukata waya kwa kipimo wanapungua. Hakuna aliyekosea, nani angelipa benchi la foni wakati simu iko mfukoni? Ila mnara wa simu unahitaji mafuta, walinzi na barabara ya kupeleka mafuta. Vita vikianza, hivyo vitatu ndivyo vinavyokosekana kwanza.

Jirani zetu wa Haut-Uele walilipa bei ya kimya. Kati ya tarehe 14 na 17 mwezi wa 12 mwaka 2009, LRA ilipita vijiji vya eneo la Makombo, ikaua watu wasiopungua 321 na kuteka zaidi ya 250, kufuatana na uchunguzi wa Human Rights Watch. Ripoti hiyo ilitoka mwisho wa mwezi wa 3 mwaka 2010. Zaidi ya miezi mitatu ilipita kabla dunia haijaelewa ukubwa wa jambo hilo. Vijiji vile vilikuwa mbali na simu na mbali na barabara; aliyesalimika alitembea.

Kilichofuata kinastahili kujulikana Irumu kuliko kinavyojulikana. Kanisa Katoliki la jimbo la Dungu-Doruma, pamoja na shirika la Kimarekani Invisible Children, walirudi kwenye chombo cha zamani. Walifunga foni katika vijiji vya Uele, wakafundisha watu wa palepale, na kila kituo kikaitwa mara mbili kwa siku. Kijiji kinajibu: kuna shida, hakuna shida. Kijiji kisichojibu, hiyo nayo ni habari. Kuanzia mwaka 2011 habari hizo zilionekana pia kwenye ramani ya wazi, ili aliye Kinshasa au Ulaya asiseme hakuambiwa. Foni hazikuizuia LRA kushambulia, na kijiji chenye antena kilikuwa na sababu ya kuogopa kuonekana. Lakini kijiji cha pili kilipata saa chache za kuondoka. Anayejua kukimbia na watoto anajua saa chache ni nini.

Sasa wale wa mazoezi. Huko Marekani kuna chama cha wapenzi wa redio, ARRL, kilichoanzishwa 1914. Hawa si wanajeshi wala waandishi wa habari. Ni walimu, mafundi, wakulima, wastaafu, wanafunzi, waliofanya mtihani na kupata kibali cha kuongea kwa mawimbi mafupi bila mshahara na bila biashara. Tangu 1933, kila mwezi wa 6, vyama vyao vya mitaa vinatoka nyumbani na kwenda uwanjani, chini ya miti, na kukaa hapo karibu saa 24 wakiita na kujibu. Wanaita siku hiyo Field Day. Ulaya wana siku zao za namna hiyo. Matayarisho huanza mapema, na ukiyasikia utadhani ni foni ya Irumu: nani ataleta waya na kamba, jiwe gani litafungwa kwenye kamba ili irushwe juu ya tawi, batri zimechajiwa au la, plaki za jua ziko ngapi, nani ataandika daftari saa nane za usiku. Kutumia umeme wa jua kunaongeza pointi. Kuna vyakula pia, na mabishano, kama popote watu wanapojenga kitu pamoja.

Mtu wa Gety anaweza kucheka. Watu wenye umeme ukutani wanajifanya hawana! Lakini mwezi wa 9 mwaka 2017, kimbunga Maria kilipoangusha umeme na simu za kisiwa cha Puerto Rico, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba ARRL iwatafutie watu wa redio, na zaidi ya 20 wakaenda. Kazi waliyopewa haikuwa ya ajabu: kupitisha majina ya watu walio hai ili familia zao zijue. Ni kazi ileile ya karatasi ya Msalaba Mwekundu, ya daftari la foni, ya mama kwenye benchi. Waliweza kwa sababu mwaka baada ya mwaka walikuwa wamefunga waya kwenye mti bila kulazimishwa na mtu.

Tofauti kati yao na sisi haiko kwenye akili wala kwenye bei ya waya. Wao wanajifunza wakati wa amani na wana karatasi zinazosema ni nani. Hapa watu walijifunza wakati wa vita, na karatasi ilikuwa jambo la mwisho. Kongo ina alama yake katika redio za wapenzi duniani, 9Q, kama Uganda ilivyo na 5X na Rwanda 9X. Wakati wa Wabelgiji ilikuwa OQ5. Sheria ya 1940 iliondolewa na sheria ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, na hiyo nayo ikafuatwa na nyingine ya tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 2020. Mlango wa kuomba kibali ni ARPTC. Mlango huo uko Kinshasa, na kwa fundi wa redio wa Gety, Kinshasa ni mbali kuliko Kampala. Juu ya hilo, tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021 Ituri imewekwa chini ya utawala wa kijeshi. Kijana atakayefunga waya mtini leo bila karatasi, hata kwa nia njema, atajibu maswali yaleyale ya 1964. Kwa hiyo asifunge bila karatasi. Anayemhimiza afanye hivyo hamtakii mema.

Kinachoweza kufanyika bila kibali cha kutuma ni kile kilichokuwa nusu ya kazi ya foni siku zote: kusikiliza, kuandika, na kujua. Mafundi wa redio wako kwenye soko la Gety kama walivyo kwenye kila soko la Irumu. Wazee waliokaa mbele ya foni za misioni na za biashara bado wapo, wengine kijijini, wengine katika kambi za wahami. Mwalimu wa fizikia anaweza kupima mita 10 na mita 10 uwanjani na kuwaonyesha wanafunzi kwa nini waya una urefu huo na si mwingine. Daftari la majina halihitaji umeme: nani, wa kijiji gani, yuko wapi leo, anamtafuta nani. Tarehe 28 mwezi wa 2 mwaka 2020, serikali na FRPI walipotia saini mapatano ya amani palepale Gety, habari ilienea upesi kwa sababu siku ile simu zilikuwa zinafanya kazi.

Field Day huanza Jumamosi saa 18:00 ya saa za kimataifa. Kwa Ituri ni saa mbili za usiku. Saa hiyo, upande wa pili wa bahari, jua bado liko juu, watu wanavuta kamba juu ya matawi na mtu mmoja anafungua ukurasa wa kwanza wa daftari.